Jua la Saa Tano

Jumamosi, 31 Mei 1986

Nimerudi kutoka Voi nikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Kamati ya maendeleo ya kanisa ilinituma nikaulize mambo mawili. Stima itatugharimu nini? Na hii sola inayozungumzwa — itatugharimu nini? Kisha niyapime yote mawili, na Jumapili ijayo nisimame mbele ya watu wa mgongo wetu wa kilima niwaeleze. Mwenyekiti wetu, Mzee Reuben, alisema wamenichagua kwa sababu Kiswahili changu hakina mawe. Nilifurahi. Ya nini kukana?

Nilianza na ofisi ya stima. Afisa ni kijana mpole, tai imekazwa hadi unamwonea huruma katika joto lile la Voi. Alisema laini imekwisha kufika sokoni kwetu Mghange, lakini kuipandisha hadi kwetu kwahitaji nguzo nyingi, nazo hazisimamishwi kwa ajili ya nyumba moja moja. Wanataka nyumba nane zitie sahihi pamoja na kulipa mchango wa kwanza. Salio hulipwa kidogo kidogo. Nikamwuliza kama baada ya hapo mtu hulipia kile tu anachotumia. Hapana, akasema, ipo ada ya kila mwezi, utumie usitumie.

Hata nikikaa gizani mwezi mzima?

Hata ukikaa gizani, Mwalimu. Alinijibu kwa heshima kubwa. Nimelitafakari jambo hilo njia nzima. Kulipia giza!

Na nguzo zitafika lini? Hapo tai ilionekana kumkaba zaidi. "Zikipatikana," akasema.

Kutoka hapo nikaenda kwa Bwana Abdulghani, muuza redio na betri karibu na soko. Juu ya paa lake amelaza kibao kimoja kinachong'aa, rangi yake kati ya nyeusi na buluu, kama ubao wa shule uliolowa maji. Waya umepita dirishani. Ndani, taa ndefu nyeupe inawaka mchana kweupe. Hakuna moshi, hakuna mtambo unaonguruma. Niliizima. Nikaiwasha. Nikaizima tena. Mama yake, Bi Mwanamina, alikuwa mkekani akichambua mchele. Alicheka, akasema nimefanya vilevile wafanyavyo wajukuu zake. Kisha akamsema mwanawe: babu yake aliuza chumvi, yeye anauza jua, na hao wajukuu Mungu ndiye ajuaye, labda watauza upepo.

Nilimwuliza Abdulghani mengi. Kibao chadumu muda gani? Kitatuzika sisi sote, asema. Na betri? "Betri yategemea adabu ya nyumba, Mwalimu wangu." Nyumba yenye adabu huzima taa isiyo na mtu chini yake, wala haikaushi betri hadi tone la mwisho. Nyumba isiyo na adabu huiua betri kabla ya mwaka kwisha. Nilipenda msemo huo. Nimeuandika ili niutumie.

Aliponisindikiza mlangoni alinikumbusha kwamba jua halileti bili. Akanipa karatasi ya Kiingereza inayoeleza kifaa hicho. Mstari mmoja ni muhimu kuliko yote, wa kiasi cha jua kinachohitajika. Nimeutafsiri hapa mezani: jua la saa tano kila siku. Fupi, safi.


Jumanne, 3 Juni 1986

Nimejaribu kulinganisha kwa shilingi, nikaona watu watasinzia. Nitalinganisha kwa chupa za mafuta ya taa. Kila nyumba yajua chupa moja ya mafuta inakwisha kwa siku ngapi. Basi kibao, betri na taa mbili ni sawa na chupa kadha wa kadha, za miaka kadhaa, unazinunua zote siku moja. Na stima ni chupa chache mwanzoni, kisha chupa kila mwezi hadi kaburini, hata mwezi uliosafiri.

Nimepata mfano mwingine. Stima ni kupanga nyumba. Sola ni kujenga. Mpangaji huanza na fedha kidogo, lakini halali bila kumkumbuka mwenye nyumba. Mjenzi huuza kila kitu, na paa likivuja ni lake.

Lakini mpangaji anaweza kupanga jumba! Kwa stima mtu hupiga pasi, huweka televisheni kubwa, hata jokofu akipenda. Kwa sola taa mbili na redio, basi. Nitalisema na hilo. Haki kwa pande zote mbili.


Jumapili, 8 Juni 1986

Nimesema. Baada ya ibada watu hawakuondoka hata mmoja. Nilianza na giza, nikaenda kwenye chupa, nikaingia kwenye mpangaji na mjenzi. Kwenye adabu ya nyumba walicheka, na akina mama wakawatazama waume zao. Nikamaliza kwa kile kinachohitajika. Stima yahitaji nyumba nane na subira. Sola yahitaji jua la saa tano kila siku. Nilitua hapo, nikaketi.

Sikumwambia mtu achague kipi. Hata hivyo nyuso zao zilielekea kwenye jua. Sote tumechoka kungoja vitu vya zikipatikana.

Danson, jirani yetu wa chini mwenye lori, aliuliza kama kibao kinaweza kuendesha televisheni ndogo. Mpira unachezwa Meksiko, naye husikia matokeo kwa wengine kama mtu asiye na ndugu. Nilimjibu kwamba chaweza, kwa betri yenye adabu.

Peris hakuuliza lolote. Huyu ni Mama Wakio, mjane wa nyumba ya juu kabisa, chini ya jabali. Binti yake ameolewa Marungu, yeye yuko peke yake na ng'ombe mmoja. Hulima mchana, na jioni husuka vikapu karibu na koroboi. Daktari amemwambia moshi ule unamharibia macho — aache koroboi au aache vikapu. Na vikapu ndivyo vinavyomlisha. Alikuja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema leo amepata jibu lake.


Alhamisi, 12 Juni 1986

Danson ana sola! Lori lake lilikwenda Voi na kurudi na kibao, na fundi Munyao juu yake akiwa amekikumbatia kama mtoto mchanga. Watoto wangu wa darasa la sita hawakuwa na masikio leo, walikuwa na macho tu. Nyumba nyingine mbili, za upande wake uleule wa wazi, zimekwisha kulipa.

Jioni Mzee Reuben alinipitia. Yeye ni mtu wa stima tangu mwanzo. Hana raha. Mgongo wetu una nyumba kumi na moja, na sasa tatu zimejitoa. Zimebaki nane, kama zilivyotakiwa, hakuna hata moja ya kupoteza. Saba ziko tayari kutia sahihi, yetu ikiwemo. Ya nane ni ya Peris. Na Peris, amesikia, anamuuza ng'ombe wake kwa Muli, yule mchuuzi wa ng'ombe anayepita kutoka upande wa Ukambani, ili anunue kibao.

Kumuuza ng'ombe! Ndiye mwenye maziwa tunayokunywa shuleni. Lakini ni uamuzi wake. Nimemwambia Reuben hivyo.


Jumamosi, 14 Juni 1986

Ukungu siku ya tatu. Nguo zimeanikwa jikoni.

Elijah amekuja kutoka Voi kwa mapumziko yake. Mume wangu ni mtu wa reli, nyumba yao ya kazini ina stima, kwa hiyo hunisikiliza kama mtu aliyekwisha kula. Amesikia kote alikopita jinsi nilivyohutubia. Anasema nimewauzia watu jua kuliko Abdulghani mwenyewe, na kwamba nidai sehemu yangu. Nikamwambia sikuuza chochote, nilipima. Akacheka. Kisha akauliza sisi wenyewe tutachukua nini.

Stima, tumekubaliana. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Wiki iliyopita pasi ya makaa ilidondosha cheche kwenye kola ya shati lake jeupe. Nataka pasi ya stima. Jambo dogo, lakini ndilo la kweli.

Nyumba yetu imetazama mashariki, wala hakuna jabali karibu. Jua tungelipata la kutosha. Ajabu — anayelipata ndiye asiyelitaka.


Jumatatu, 16 Juni 1986

Ningependa siku hizi zirudiwe tangu Jumapili ya tarehe nane.

Baada ya masomo nilipanda kwa Peris kumpongeza. Ukungu ulikuwa umefunguka mchana, umeanza tena kushuka. Nikamwona amekaa nje anasuka, akijitahidi kuumaliza mwanga uliobaki. Karibu naye maharagwe yameanikwa kwenye mkeka. Nikashika machache. Mabichi bado! Yangu tuliyoyavuna wiki ileile yamo guniani zamani, makavu yanalia kama kokoto. Hapo ndipo nilipoanza kutazama juu. Jabali limesimama magharibi ya nyumba yake kama mtu mrefu aliyekuja kusimama mbele yako kanisani.

Alinipa chai. Bei ya ng'ombe wamekwisha kupatana na Muli, anasema, imebaki siku ya kumchukua. Nikamwuliza kama hana wasiwasi na ukungu huu. Alinitazama kana kwamba ninamjaribu.

"Wasiwasi wa nini, Mwalimu, na ni wewe uliyesema? Sola inataka jua la saa tano. Kwangu ukungu hata ukichelewa kuondoka, saa tano jua limefika. Leo nimesikiliza redio ikisema saa tano, na jua hili hapa, mlangoni."

Nilikuwa nimeinua kikombe. Nilikirudisha.

Na baada ya saa tano, nikauliza polepole, linakaa hadi lini? Hadi saa saba hivi, akasema, halafu jabali linalichukua. Alisema bila huzuni, kwa kuwa saa saba haikuwa imetajwa katika hotuba yangu.

Mimi nilisema muda. Yeye alisikia saa ya redioni. Kifaa kile kinahitaji jua lenye nguvu kwa muda wa saa tano, na nyumba hii, katika miezi ya ukungu, inapata mbili. Na sentensi ni yangu.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, mimi! Nilijikuta nikihesabu vidole mbele ya uso wake kama mtoto wa nasari. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba chai yangu inapoa.


Jumanne, 17 Juni 1986

Nimesahihisha insha za darasa la saba. Katika kumi na mbili nimekuta neno "masaa". Kila mwaka huwaambia: saa ni saa, moja au mia, halina wingi mwingine. Hulizungushia wino mwekundu.

Kama ningesimama kanisani na kusema "masaa matano", kama wasemavyo watoto hawa, kama asemavyo Danson, kama asemavyo kila mtu kutoka hapa hadi Kishushe — hakuna ambaye angefikiria saa ya redioni. Nilijua kwamba lugha yangu ni sahihi. Sikuuliza sahihi kwa nani.

Leo sikulizungushia.


Jumatano, 18 Juni 1986

Nimekuwa nikiuliza, kwa njia ya mzaha, kila ninayekutana naye: mimi nilisema sola inataka jua gani? Mwashi wa shule: jua la saa tano, lile kali la kabla ya mchana. Mama wa posho mill anayetusagia mahindi: la saa tano, ndilo lenye vitamini. Danson mwenyewe, aliyekwisha kulipa na kuweka, amekigeuza kibao chake kitazame lilipo jua saa tano! Kwake si neno, nyumba yake iko wazi kutwa. Anapata taa, anapata mpira. Anadhani ni kwa sababu ya kukigeuza.

Ningecheka kama kusingekuwa na ng'ombe.


Jumapili, 22 Juni 1986

Nimesimama tena. Nilimwomba mchungaji dakika chache baada ya matangazo. Sikutumia mfano wowote. Nilisema kwamba tarehe nane nilitumia maneno yaliyoweza kusikika kwa njia mbili, kwamba nilikusudia masaa matano — nikalitamka hivyo, masaa, wanafunzi wangu wakageukiana — masaa matano ya jua lisilozibwa na kitu, na kwamba kila mtu alitazame jua la nyumba yake kabla hajanunua. Nyumba za upande wa chini hazina shaka. Za juu zifikiri.

Danson alikuwa wa kwanza. "Mwalimu, ikiwa saa tano si saa tano, basi Jumapili ijayo utatuambia leo haikuwa Jumapili, turudishiwe sadaka." Kanisa zima likaangua kicheko. Hata mchungaji. Nilicheka nami, na ilinisaidia.

Kisha Mzee Reuben akaharibu. Aliruka akiwa na fomu za stima mkononi, za nyumba nane, akisema sasa kila kitu kimefunuliwa, watu watie sahihi, tusiupoteze wakati. Alikuwa na furaha mno. Nikaona nyuso zikimtazama yeye, halafu zikinitazama mimi.

Peris akasimama. Hajawahi kusema mbele ya watu, nijuavyo.

"Mwalimu, nakuheshimu. Ile Jumapili nyumba zilikuwa nyingi, ukasema sola, nikakuamini. Leo zimebaki nane, ya nane ni yangu, nawe unasema sola siyo. Mimi nakuuliza tu. Unapima jua langu, au unapima stima yako?"

Hakuna aliyecheka. Nilimjibu kwamba napima jua lake. Ni kweli. Lakini nilipolisema nilisikia sauti yangu ya hotuba, ile nzuri, na nikajua kwamba yeye pia ameisikia.


Jumatano, 25 Juni 1986

Reuben amekuja jana na leo. Leo alikaa. Anasema Peris hunisikiliza mimi, na nikimwambia kwa nguvu mara moja kwamba nyumba yake haina jua, yatakwisha. Stima si yake wala yangu, ni ya watoto wa kilima chote. Anasema kweli. Nikamwambia sitasema kwa nguvu zaidi kuliko ninavyojua. Akauliza sasa ninajua nini. Swali zuri. Ninajua maharagwe mabichi na jabali moja.

Nilimkuta Peris bombani. "Kwawuka, Mwalimu," alinisalimia kwa Kidawida kama kila asubuhi, wala hakukuwa na ubaridi. Nikaamua kumwambia yote, yanayonifaa na yasiyonifaa. Kwamba ukungu si wa mwaka mzima, kuanzia Septemba jua litakuwa jema zaidi. Kwamba Abdulghani anasema hata penye wingu kibao huokota kidogo. Kwamba jabali, hata hivyo, halina Septemba. Na kwamba akiitaka stima, mchango wake angeweza kuulipa kwa maziwa, ng'ombe akabaki, lakini hakuna ajuaye siku ya nguzo.

"Afisa alisema lini?"

Zikipatikana.

"Zikipatikana ni mwezi wa ngapi?" akauliza, ndoo kichwani, bila kutabasamu. Kisha akasema macho yake hayangojei mwezi wowote kati ya hiyo.

Tulitembea pamoja. Mwisho akatoa shauri lake mwenyewe. Jumamosi Muli anakuja kumchukua ng'ombe. Nije asubuhi, nikae uani kwake, tuchomeke kijiti, tungoje kivuli. Kivuli ni jua, hakuna Kiswahili cha kukibishia. Jua likija mapema, kabla ya saa tano, yaani kuna jua zaidi kuliko ninavyodhani, naye anauza. Likichelewa kupita saa tano, anatia sahihi kwa Reuben na Muli aondoke. Nikamwambia siku moja si mwaka. Akasema anajua, lakini mtu hawezi kungoja mwaka kwa kujua kitu cha leo. Na kwamba nikisema nimeona kivuli, ataamini nimekiona.

Hilo la mwisho ndilo lililonichosha njia nzima.


Jumamosi, 28 Juni 1986

Naandika nikiwa uani kwa Peris, juu ya kigoda, daftari gotini. Ukungu. Ng'ombe amefungwa kwenye mti wa mbarika, simwoni miguu. Kijiti kimechomekwa katikati ya ua, mahali pasipo na nyasi. Nimeleta saa ya Elijah. Elijah mwenyewe amebaki nyumbani, amesema jambo hili lina wenyewe wengi kupita kiasi.

Muli amefika. Mtu mnene, mchangamfu, kofia ya manyoya. Alipoambiwa tunangoja kivuli alimtazama Peris, akanitazama mimi, akauliza kama hii ni dini au serikali. Peris akamwambia ni shule. Basi akaketi. Ameomba chai. Amemzunguka ng'ombe mara mbili na kusema kwamba ng'ombe wa ukungu maziwa yake ni maji, apunguziwe bei kidogo. Peris akamjibu kwamba basi ayaache maziwa, achukue ukungu, huo ni bure. Muli alicheka hadi chai ikamwagika.

Saa nne imepita. Hakuna kitu.

Reuben amekuja. Amesimama mlangoni na fomu ndani ya koti ili zisilowe. Danson amekuja nyuma yake, anasema amekuja kuona tu jinsi jua linavyosailiwa. Watu watano sasa katika ua huu, na kijiti.

Ninajiuliza ninaomba nini. Kama msomi, nataka kujua. Natamani kwa kweli kujua — ni kitu cha ajabu kuketi na kungoja jua kama mgeni. Lakini kila ukungu unaponyanyuka kidogo juu ya mahindi, moyo unaruka kuelekea upande fulani, nami najua ni upande wa pasi. Halafu namtazama Peris anavyokisogeza kikapu karibu na macho, karibu zaidi, mpaka ukindu unamgusa pua, na moyo unarudi.

Saa inakaribia tano. Upande wa mashariki kuna kitu cheupe nyuma ya ukungu, cha duara, kama sahani nyuma ya pazia. Unaweza kukitazama bila kufumba. Ua umeanza kupata rangi. Muli ametua kikombe chini. Reuben amesogea hatua.

Peris ameacha kusuka. Ameinamia kijiti, mkono juu ya goti.

Na chini yake, ardhini, kuna kitu. Si cheusi. Ni kama mstari mtu aliouchora kwa kidole kisha akaufuta. Nikiutazama moja kwa moja haupo. Nikitazama pembeni upo. Saa ya Elijah haijagonga tano.

"Macho yangu hayawezi," Peris amesema. "Mwalimu. Hicho ni kivuli?"

Wote wamenigeukia. Nimeinamisha kichwa kwenye daftari, naandika haya, nao wanadhani ninaandika jibu